Mhandisi wa Jumuiya na pasi ya miezi sita: uchambuzi wa kisa kutoka kiwanda cha sangara Mwanza

Kisa hiki kinahusu kiwanda cha kuchakata samaki jijini Mwanza, mhandisi kutoka Kenya, na kibali cha kazi ambacho uongozi mzima wa kiwanda uliamini hakihitajiki. Nilikifuatilia kama mshauri wa mwajiri, tangu siku mambo yalipoharibika hadi mkataba ulipokwisha. Jina la kiwanda, mwaka, mahali kilipo na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyaondoa au kuyabadili kidogo. Nakiandika kwa ajili ya maofisa rasilimali watu na wataalamu wa Kanda ya Ziwa, kwa sababu kosa lililofanyika hapa hufanywa na watu wema wasio na nia ya kuvunja sheria, na anayeumia kwanza huwa ni mfanyakazi.

Usuli

Kiwanda hununua sangara kutoka visiwani na mialoni, hutoa minofu, huigandisha na kuisafirisha nje ya nchi. Wageni wakitembezwa huonyeshwa meza za minofu na wafanyakazi waliovaa mabuti meupe, lakini pesa ya kiwanda imelala kwenye chumba cha mitambo ya baridi. Humo kompresa, yaani mashine za kugandamiza gesi, husukuma amonia, gesi ya kupoozea yenye sumu, ambayo huchemka ikiwa nyuzi 33 chini ya sifuri katika mgandamizo wa kawaida wa hewa. Ndiyo inayowezesha minofu kugandishwa haraka na kutunzwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi ya hapo. Mtambo ukisimama usiku kucha, mzigo wa mnunuzi uko hatarini. Amonia ikivuja mahali pasipo na mtu anayeijua, maisha ya watu yako hatarini.

Msimamizi wa chumba hicho alistaafu wakati kiwanda kimeshanunua kompresa mpya zilizokuwa zinasubiri kufungwa. Tangazo la kazi likabandikwa kwa muda mfupi. Waliojitokeza walikuwa mafundi wazuri wa viyoyozi na majokofu ya madukani, ila hakuna aliyewahi kusimamia amonia kwa kiwango cha kiwanda. Mkurugenzi akamkumbuka mhandisi wa Kisumu waliyewahi kufanya naye kazi, mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi kwenye viwanda vya samaki na vya maziwa. Wakapigiana simu, wakakubaliana mshahara, na mkataba wa miaka 2 ukasainiwa.

Kabla ya kuendelea, niweke wazi sheria inavyosema, kwa maana kisa kizima kinasimama hapo. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilisainiwa Novemba 20, 2009 na nchi tano, ikaanza kutumika Julai 1, 2010. Ibara yake ya 10 inahusu wafanyakazi kuvuka mipaka kwa uhuru: raia wa nchi mwanachama anaruhusiwa kuomba kazi na kuajiriwa katika nchi nyingine, bila kubaguliwa kwa uraia wake katika ujira na masharti ya kazi, na kunufaika na hifadhi ya jamii kama wafanyakazi wa nchi hiyo. Wengi husoma mpaka hapo wakafunga kitabu. Lakini uhuru huo unafuata majedwali ambamo kila nchi iliorodhesha makundi ya kazi iliyokubali kuyafungua, na kanuni zilizoambatanishwa na Itifaki zinataka kibali. Mwenye mkataba unaozidi siku 90 anatakiwa kuomba kibali cha kazi ndani ya siku 15 za kazi tangu mkataba ufungwe, na mamlaka inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 30. Kibali cha kwanza hutolewa kwa kipindi kisichozidi miaka 2 na kinaweza kuongezwa. Mwenye kazi isiyozidi siku 90 anaombewa pasi maalumu.

Kwa upande wa Tanzania ipo Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015. Kibali cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi, kibali cha ukaazi hutolewa na Idara ya Uhamiaji, na mgeni aliyeajiriwa anahitaji vyote viwili. Sheria hiyo inamtaka mwajiri aonyeshe kwamba alimtafuta Mtanzania kwa dhati akamkosa, na awe na mpango wa kurithisha ujuzi ili siku moja kazi ishikwe na Mtanzania.

Mambo yalivyotokea

Mhandisi alipanda basi Kisumu akaingilia Sirari, kituo cha mpaka wa Kenya na Tanzania. Dirishani aliulizwa anakwenda kufanya nini, akajibu anakwenda Mwanza kutembea na kuangalia kazi. Akagongewa pasi ya matembezi, ile ambayo raia wa nchi za Jumuiya hupewa bila malipo kwa muda usiozidi miezi 6. Alipofika kiwandani, ofisa rasilimali watu aliiangalia pasipoti, akaona muhuri na tarehe ya mbali, akaridhika. Kuna mtu wa uhasibu aliyeuliza kuhusu kibali. Jibu alilopewa nimelisikia katika ofisi nyingi za mji huu: "Si tuko Jumuiya moja, dada? Wazungu ndio wanaohangaika na vibali."

Mkataba wenyewe ulikuwa na kasoro ambayo hakuna aliyeiona wakati huo. Ngazi za mishahara za kiwanda hazikuwa na cheo cha mhandisi, kwa hiyo aliandikwa "Fundi Mkuu wa Majokofu", akawekewa posho kufidia tofauti ya mshahara. Walifanya hivyo kurahisisha hesabu za ndani. Baadaye cheo hicho kilitugharimu muda kuliko kitu kingine chochote.

Akaanza kazi. Kompresa ya kwanza ikafungwa, na umeme uliokuwa unapotea bure kwenye mtambo wa zamani ukapungua. Wafanyakazi wa zamu za usiku walimpenda kwa sababu alikuwa anafundisha anapofanya kazi. Alikuwa anamsimamisha fundi msaidizi, binti aliyehitimu chuo cha ufundi miaka michache nyuma, mbele ya vali, anamwambia aguse bomba kwa mkono uliovaa glavu na kusema anachohisi kabla ya kutazama kipimo.

Kisha wakaja wakaguzi, maofisa wa kazi wakiwa na maofisa uhamiaji, katika ukaguzi wa kawaida wa viwanda. Meneja aliwaambia kwamba Mhandisi ni mgeni aliyekuja kutazama mitambo. Ofisa mmoja hakubishana. Alikwenda hadi mlango wa chumba cha mitambo, akasoma ratiba ya zamu iliyobandikwa pale, jina la Mhandisi likiwa zamu ya usiku Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Akaomba daftari la joto, lile linalojazwa kila saa. Akalifungua taratibu, ukurasa baada ya ukurasa, na kila alipofika usiku wa Jumatano saini ilikuwa ileile. Hakuhitaji kuuliza zaidi. Pasi ya matembezi haimruhusu mtu kufanya kazi, iwe ya mwezi mmoja au miezi sita. Mhandisi akaambiwa asimamishe kazi na afike ofisini na pasipoti yake, na mwajiri akaitwa kujieleza.

Hapo ndipo nilipopigiwa simu.

Maamuzi yaliyofanyika na sababu zake

Usiku uleule kulikuwa na wazo mezani: Mhandisi akae nyumba ya wageni, kwenye karatasi aitwe mshauri, na awe anaingia kiwandani baada ya saa mbili usiku. Nililikataa, na namshukuru mkurugenzi kwa kulikataa pia baada ya kueleweshwa. Kosa la kutojua unaweza kulieleza mbele ya ofisa. Kosa la kuficha baada ya kuambiwa halielezeki, na lingemfunga Mhandisi mlango wa Tanzania kwa muda mrefu huku mwajiri akitafuta mtu mwingine. Kiwanda kikakubali kosa kwa maandishi, kikalipa kilichotakiwa kwa stakabadhi, na Mhandisi akarudi Kisumu kupitia Sirari pasipoti yake ikiwa safi. Gharama zote, pamoja na mshahara wa kipindi cha kusubiri, zilibebwa na kiwanda. Hilo nililishikilia sana. Mtu ameacha kazi kwao kwa neno la mwajiri. Si haki uzembe wa ofisi umkatie riziki.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuirudia kazi yenyewe kabla ya kujaza fomu yoyote. Tukakaa na mkuu wa uzalishaji, tukaandika kila kitu ambacho Mhandisi alikuwa anafanya. Ikaonekana ni kazi mbili zilizobebanishwa. Moja ni kufunga na kuwasha kompresa zilizobaki, kazi ya wiki kadhaa. Nyingine ni kusimamia mtambo siku kwa siku na kumwandaa atakayeushika. Kama tungeliona hilo mwanzoni, kazi ya kwanza ingeweza kuombewa pasi maalumu ya muda usiozidi siku 90, huku maombi ya kibali cha muda mrefu yakiendelea kwa utulivu. Sasa tulikuwa tumechelewa, tena tukiwa na kosa kwenye faili, nikaona ni salama zaidi kuomba kibali kamili mara moja kuliko kuonekana tunatafuta njia ya mkato.

Uamuzi wa tatu ulihusu cheo. Majedwali ya Itifaki yamepangwa kwa makundi ya kazi: wataalamu wa taaluma wako kundi moja, mafundi kundi lingine, na si kila nchi ilifungua makundi yote. Mkataba uliosema "Fundi Mkuu" ulikuwa unamweka mtu mwenye shahada ya uhandisi mitambo kwenye kundi lisilo lake. Tukauvunja mkataba ule na kuandika mpya: Mhandisi Mitambo, Mifumo ya Baridi, na majukumu yanayolingana na vyeti vyake. Narudia, yanayolingana na vyeti vyake. Wapo wanaopandisha cheo ili kibali kipatikane, halafu mtu anakutwa anafanya kazi nyingine kabisa. Hapa tulikuwa tunarudisha jina sahihi kwa kazi iliyokuwapo tayari.

Kubadilisha cheo kukafungua mlango mwingine. Tanzania mtu hafanyi kazi za kihandisi bila kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na mgeni husajiliwa kwa muda. Kwa bahati, mwaka 2012 bodi za wahandisi za Kenya, Uganda na Tanzania zilikubaliana kutambuana, hivyo mhandisi mtaalamu aliyesajiliwa Kenya haanzi upya kama mtu asiyejulikana. Lakini bodi ya hapa inahitaji uthibitisho wa bodi ya kwao kwamba ni mwanachama halali asiye na doa, na Mhandisi wetu alikuwa hajalipia leseni yake ya mwaka tangu alipoanza kufanya kazi za mkataba mmoja mmoja. Uzoefu wote ule, na karatasi moja imelala. Ilibidi amalize kwanza mambo ya Nairobi ndipo mambo ya Tanzania yaanze. Nilijifunza kuliuliza hilo siku ya kwanza kwa kila mtaalamu, awe mhandisi, mhasibu au msanifu majengo, kwa sababu taaluma hizo nazo zina makubaliano ya namna hiyo.

Uamuzi wa nne ndio ninaouona mkubwa kuliko yote, na ulihusu mpango wa kurithisha ujuzi. Mipango mingi ninayoletewa ni ukurasa mmoja wenye maneno mazuri na jina la Mtanzania ambaye hata hajui kwamba ameandikwa. Nikauliza kiwandani: nani anashika mtambo sasa hivi Mhandisi akiwa hayupo? Wakatazamana. Alikuwa yule binti, fundi msaidizi. Alikuwa anaendesha zamu, anapiga picha vipimo, jioni anaongea na Mhandisi aliyeko Kisumu, anauliza, anaandika. Hakuna aliyempa cheo wala nyongeza. Tukamwita, tukamweleza, na mpango ukaandikwa kwa kumtazama yeye: anajua nini leo, hajui nini, atafundishwa nini kila robo mwaka, na atapimwaje. Kuwasha mtambo peke yake, kupokea na kumimina amonia, kushughulikia uvujaji, kusoma michoro ya mtengenezaji. Mpango ulipokamilika ukatuonyesha kwamba miaka 2 haihitajiki. Mkurugenzi alisita, halafu akakubali tuombe mwaka 1.

Maombi yenyewe hufanyika kwa mtandao, na hapo kuna mtego mdogo unaowanasa wengi. Herufi za madaraja ya kibali cha kazi hazifanani na za kibali cha ukaazi. Mwajiriwa wa kawaida huombewa ukaazi Daraja B. Lakini kwenye kibali cha kazi, Daraja B ni la taaluma maalumu zilizotajwa na sheria, na taaluma nyingine huenda Daraja C. Ofisa rasilimali watu alikuwa tayari ameandika B kote. Tulilikamata kabla halijatumwa. Pamoja na maombi tukaambatanisha tangazo jipya la kazi, lililotoka kwa muda wa kutosha na kusema wazi kuhusu amonia, na maelezo ya kila mwombaji Mtanzania na sababu ya kutofaa kwake. Tukaambatanisha pia barua ya kueleza kosa lililopita. Meneja alitaka tuliache lisitajwe. Niliona ni bora ofisa alisome kwa mkono wetu kuliko alikute mwenyewe.

Matokeo

Usajili wa muda wa bodi ulitoka kwanza, kibali cha kazi kikafuata, ukaazi ukaja mwisho. Kilichokula muda ni leseni ya kwao na kuandika upya mkataba. Baada ya hapo ngazi nyingine zilikwenda kwa utaratibu. Mhandisi alirudi akiwa na mke wake, ambaye kwa mujibu wa Itifaki ana haki ya kufuatana naye, na kompresa zilizobaki zikafungwa. Kiwanda kilipoteza oda moja katika kipindi cha kusubiri kwa sababu uongozi uliamua, kwa busara, kutogandisha mzigo mkubwa mtambo ukiwa na msimamizi mmoja tu.

Mwaka ulipokwisha mkataba haukuongezwa. Fundi msaidizi alipewa usimamizi wa mtambo na mshahara unaolingana na kazi hiyo, na Mhandisi akabaki mtu wa kuulizwa kwa simu.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni kufuata mpangilio: kazi ichambuliwe, cheo kifuate kazi, bodi ifuate cheo, kibali cha kazi kifuate bodi, ukaazi uje mwisho. Kila karatasi ilikuwa inaiunga mkono nyingine. Faili linalokwama mara nyingi ni lile ambalo mkataba unasema hivi, cheti kinasema vile, na mpango wa kurithisha unamtaja mtu wa idara nyingine.

Ukweli nao ulifanya kazi. Sina namna ya kujua barua ya kukiri kosa ilipokelewaje mezani, lakini iliwaondolea watu wa kiwanda hofu, na wakaacha kuandika majibu ya kujihami.

Kilichoshindwa kabisa ni tafsiri ya Jumuiya. Itifaki inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuajiriwa na inaweka muda ambao mamlaka inapaswa kujibu. Mtu wa kutoka nje ya Jumuiya hana ahadi hiyo. Ni faida kubwa. Ila mfanyakazi huipata kwa kupitia kibali, na anayeruka kibali anaitupa faida yenyewe, kwa sababu mbele ya mkaguzi anakuwa hana tofauti na mgeni yeyote asiye na karatasi. Siku 15 za kuomba zilipita Mhandisi akiwa ndani ya ovaroli ya kiwanda, na hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa anazihesabu.

Tangazo la kwanza la kazi lilikuwa dhaifu, na hilo nalihesabu kuwa kosa dhidi ya Watanzania. Huwezi kubandika karatasi getini kwa siku chache halafu useme nchi nzima haina mtaalamu. Tangazo la pili lililetea kiwanda vijana wawili ambao hawakutosha kusimamia mtambo lakini wameajiriwa kwenye zamu, na leo wapo.

Jambo ambalo halikutatuliwa vizuri ni hifadhi ya jamii. Mhandisi alichangia kwenye mfuko wa hapa kama sheria inavyotaka, lakini kuiunganisha michango ya mwaka mmoja na ile ya kwao hakukuwa na njia nyepesi niliyoweza kumpa. Mwenye kuajiri mtaalamu wa muda mfupi kutoka nchi jirani alizungumze hilo wakati wa kupatana mshahara, mtu ajue mapema anachopokea na anachokiacha.

Halafu kulikuwa na ombi la kampuni dada, kiwanda kingine cha ufukwe huohuo, waliotaka "kumwazima" Mhandisi wiki mbili awasaidie na mtambo wao. Kibali kilikuwa kinamfunga kwa mwajiri mmoja na nafasi moja. Nikawaandikia kwamba haiwezekani, na kwamba kama wanamhitaji waombe kibali chao. Hawakufurahi. Baadaye walimtuma fundi wao mwenyewe, akakaa kwenye chumba cha mitambo cha kiwanda chetu kwa ruhusa ya mkurugenzi, akijifunza kutoka kwa Mhandisi na yule binti.